Jinsi ya Kuyafuga Maneno ya Ajabu ya Kiingereza Ukiwa Dodoma: Mwongozo Kamili

Kimombo cha darasani kina namna mbili: kile cha kufaulia mtihani na kile cha kuombea maji. Kipo cha tatu ambacho silabasi haina muda nacho, na ndicho kitamu kuliko vyote. Ni yale maneno ya ajabu ajabu ambayo hata Waingereza huyatumia kwa nadra. Mengine ni marefu hadi pumzi inakatika njiani, mengine yanamhusu mtu aliyetupwa dirishani, na mengine ni majina ya vitu ambavyo unavishika kila siku bila kujua kwamba vina majina. Mwongozo huu ni wa hicho cha tatu, na nimeuandikia mtu anayeishi Dodoma au jirani yake, maana njia ninayoipendekeza inategemea mtaa unaokaa.

Njia yenyewe ni hii. Neno geni halikai kichwani kwa kukaririwa. Linakaa likipewa kazi. Ukilishikiza kwenye kitu unachokiona sokoni Majengo, kwenye kijiwe cha kahawa au kwenye vumbi la Nkuhungu, hutalisahau hata ukitaka. Ukiliacha kwenye kamusi, kesho asubuhi limeshakukimbia.

Vifaa

Kaunta buku moja na kalamu. Simu utaihitaji kwa kusikiliza matamshi tu, kwani kamusi nyingi za mtandaoni zina kitufe cha sauti. Kila neno lipewe ukurasa wake na mistari minne: lilivyoandikwa, vipande vyake, kisa chake, na mahali pa hapa kwetu ulipoliona likitokea. Mstari wa nne ukibaki mtupu wiki nzima, ng'oa ukurasa. Neno hilo halijawa lako, na hakuna anayekudai.

Hatua ya kwanza: anza na vitu unavyovijua

Tazama kamba za viatu vyako. Ile ncha ngumu ya plastiki inayosaidia kamba kupenya kwenye tundu inaitwa aglet. Sisi tunasema tu ncha ya kamba na maisha yanaendelea. Lakini yeyote aliyesoma shule ya kutwa anaujua msiba wa aglet kudondoka: kamba inachanua nyuzi, unailamba, unaisokota, unaichomeka, inagoma, kengele imeshagongwa na mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo. Dawa yake ni kiberiti. Unaiyeyusha ncha ya kamba, unaifinya kwa vidole huku unapuliza na kulaani, na tayari una aglet mpya, nyeusi kidogo lakini imara kuliko ya kiwandani. Hilo neno sasa limeshakuwa na anwani.

Endelea hivyohivyo na mengine mepesi. Ile nukta ya juu ya herufi i na j inaitwa tittle. Kile kimfereji kati ya pua na mdomo wa juu, ambacho baridi ya Juni na Julai hukigeuza mto wa kudumu kwa watoto wote wa Dodoma, kinaitwa philtrum.

Kisha panda ngazi hadi borborygmus. Huu ni mngurumo wa tumbo. Wagiriki wa kale walilitengeneza neno kwa kuiga sauti yenyewe, sawasawa na sisi tulivyopata chubwi na puu. Ukiungurumiwa zaidi ya mara moja, wingi wake ni borborygmi. Mahali pa kulikuta ni ibada ya Jumapili iliyovuka saa saba mchana. Mchungaji ameshasema "na mwisho kabisa" kwa mara ya tatu, ukimya wa maombi umetanda, macho yamefumbwa, na hapo ndipo tumbo la mtu mmoja linapoamua kutoa ushuhuda. Benchi zima linasikia. Kila mtu anamtazama jirani yake kwa masikitiko, akiwemo mwenye tumbo.

Petrichor, na kwa nini Dodoma ina haki nalo

Neno hili nalipa nafasi yake peke yake. Ni harufu ya ardhi kavu inapopata mvua, na lilitungwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walipoichunguza harufu hiyo na kuandika matokeo yao katika jarida la Nature. Petra kwa Kigiriki ni jiwe. Ichor, katika hadithi za Wagiriki, ni kimiminika kilichotembea kwenye mishipa ya miungu badala ya damu. Yaani hawa watu walinusa udongo uliolowa wakaona jina linalofaa ni damu ya miungu itokayo mawe. Watu wa maabara nao wakati mwingine huzidiwa.

Sababu ya harufu ni hii: wakati wa kiangazi mimea hutoa mafuta ambayo hunaswa na udongo na mawe. Tone la mvua likigonga, mafuta hayo yanarushwa hewani pamoja na geosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria waishio udongoni. Pua ya binadamu inainasa geosmini hata ikiwa kidogo sana. Na kadiri kiangazi kinavyorefuka, ndivyo mafuta yanavyojilimbikiza.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Mtu wa Bukoba ananyeshewa karibu mwaka mzima, kwa hiyo petrichor yake ni ya kuungaunga. Sisi mvua ikituaga mwezi wa nne, kuionja tena ni mwishoni mwa Novemba au Desemba. Miezi yote hiyo mibuyu imesimama bila jani, mifugo inatembea mbali kutafuta maji, na mafuta yanajipanga ardhini yakisubiri. Siku matone ya kwanza yanapodondoka Ipagala, mama mwenye nguo kwenye kamba anasimama kwanza, anavuta pumzi ndefu, ndipo anakimbia kuzianua. Andika hiyo pumzi kwenye mstari wa nne.

Angalizo: usilitumie kwa mvua ya Februari. Kufikia hapo ni matope tu, na matope yana jina la kawaida.

Hatua ya pili: pasua

Watu huogopa neno refu kwa sababu wanalitazama lote kwa mkupuo. Msemaji wa Kiswahili hana kisingizio hicho. Mtoto wa shule ya msingi anatamka hawakutusomeshea bila kupepesa macho, na ndani yake mna kukanusha, wao, wakati uliopita, sisi, kusoma, kusababisha na kutendea. Maneno marefu ya Kiingereza hupasuliwa vilevile. Tofauti ni kwamba vipande vyake vingi viliazimwa kwa Warumi na Wagiriki na havijarudishwa.

Mfano mwepesi ni triskaidekaphobia, hofu ya namba 13. Tris ni tatu, kai ni na, deka ni kumi, phobia ni hofu. Ni kumi na tatu yetu ileile, ila Mgiriki kaanzia mkiani.

Mfano mzito ni floccinaucinihilipilification, herufi 29. Maana yake ni kukitazama kitu na kukihesabu hakina thamani yoyote. Flocci ni unyuzi wa sufu. Nauci ni kitu cha kijingajinga. Nihili ni si kitu. Pili ni unywele. Mwisho ukiona fication, jua kuna jambo linafanywa. Kwa hiyo ni maneno manne ya Kilatini, yote yakimaanisha upuuzi mtupu, yamepangwa foleni yakafungwa kamba. Ulikuwa mzaha wa watu waliochoshwa na sarufi ya Kilatini shuleni, na andiko la zamani kuliko yote linalojulikana kuwa nalo ni barua ya mshairi William Shenstone ya mwaka 1741.

Mzaha huo unaweza kuuona laivu kwenye mitumba ya Majengo, siku belo linapofunguliwa. Mteja ameshalipenda shati. Unajua amelipenda kwa sababu amelirudia. Ila hawezi kukiri. Analigeuza ndani nje, anavuta uzi kwenye pindo, analiinua juani, anakuna kwa ukucha doa ambalo halipo.

"Kaka, hili limepauka."

"Dada yangu, hiyo ndiyo rangi yake."

"Na kifungo hiki si cha kwake."

"Cha kwake kabisa, angalia uzi."

"Aa, basi nipe kwa elfu mbili, nitakuwa nalalia tu."

Uzi, upuuzi, si kitu, unywele: dada kapitia hatua zote nne bila kusoma Kilatini. Na kaka naye anaijua floccinaucinihilipilification hata kama hajawahi kulisikia jina lake, ndiyo maana bei alianzia elfu nane.

Wapenda mashindano watakuuliza kama lipo refu zaidi. Lipo, lina herufi 45, na ndilo hili: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Lilizaliwa mwaka 1935 kwa Everett Smith, rais wa chama cha Wamarekani wapenda mafumbo ya maneno, na lengo la kulitunga lilikuwa urefu wenyewe. Lipasue taratibu: pneumono mapafu, ultra kupita kiasi, microscopic kinachoonekana kwa hadubini, silico madini ya silika, volcano unaijua, coni vumbi, osis hali ya ugonjwa. Ukilishona upya unapata ugonjwa wa mapafu utokanao na kuvuta vumbi laini mno la silika la volkano. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa atasema silicosis. Huo ni ugonjwa wa kweli, nao huwashika wanaochimba na kuponda mawe bila kujikinga, kwa hiyo kwenye machimbo weka mzaha pembeni. Lakini ukipitiwa na upepo wa Agosti pale Kizota ukakohoa mara mbili, usijitangazie herufi 45. Funika pua kwa mtandio, ukanawe uso.

Hatua ya tatu: tafuta kisa

Kisa ndicho kinachobakisha neno, hasa kikiwa na mtu aliyeumbuka ndani yake.

Anza na defenestration, kumtupa mtu nje kupitia dirishani. De ni kutoka, fenestra ni dirisha. Tarehe 23 Mei 1618, mjini Prague, wakuu wa Kiprotestanti waliogombana na utawala wa mfalme wao Mkatoliki waliingia kwenye kasri, wakawakamata wawakilishi wake wawili wakawatupa nje kwa dirisha la ghorofani, na karani wao akafuatishwa. Wote watatu walipona. Wakatoliki wakasema wamepokelewa na Bikira Maria. Waprotestanti wakasema wamepokelewa na lundo la samadi. Yule karani baadaye alipewa cheo cha heshima, na jina la cheo kwa Kijerumani likawa na maana ya Anguko la Juu, kitu kinachoonyesha kwamba aliyekitoa alikuwa na utani. Vita vilivyofuata vilidumu miaka 30, na hapo utani uliisha.

Kwa mstari wa nne, nenda stendi ya daladala jioni wakati watu wanatoka kazini. Kijana anayerusha mkoba ndani kwa dirishani ili akamatie siti, kisha akaufuata mwenyewe kichwa kwanza, hajafanya defenestration. Amefanya kinyume chake. Defenestration ni pale mwenye siti anapourudisha mkoba nje kwa dirisha lilelile.

Kisa cha pili ni cha wafugaji, kwa hiyo Wagogo watanisikiliza vizuri. Karne ya 19 huko Texas aliishi mwanasheria na mmiliki wa ardhi, Samuel Maverick, ambaye ng'ombe wake hawakutiwa chapa. Ng'ombe yeyote aliyeonekana akizurura bila alama, watu wakasema huyo ni wa Maverick. Hapo likapatikana neno maverick: kwanza ng'ombe asiye na chapa, baadaye mtu asiyefuata kundi, anayefanya mambo kwa akili yake. Huku kwetu ng'ombe asiye na alama angepata mwenyewe kabla ya magharibi.

Ukoo huo haukuishia hapo. Mjukuu wake, Maury Maverick, alikuwa mbunge kisha meya, na mwaka 1944 aliongoza taasisi ya serikali ya Marekani iliyosimamia viwanda vidogo wakati wa vita. Alichoshwa na lugha ya ofisini, yale maandishi marefu yanayozunguka mbuyu bila kusema kitu, akaandika waraka wa kuyapiga marufuku. Lugha hiyo akaiita gobbledygook, na alipoulizwa kalitoa wapi, alisema huenda alimkumbuka bata mzinga wa Texas anavyojivuna akitembea huku akigugumia. Kwenye waraka huohuo aliandika kwamba mtu yeyote atakayetumia maneno activation au implementation atapigwa risasi.

Jaribu kuwaza waraka huo ukibandikwa Mji wa Serikali, Mtumba, asubuhi ya Jumatatu. Utekelezaji wa mpango kazi wa uhuishaji wa mikakati ya utekelezaji... kufikia saa nne asubuhi tungebaki na walinzi, madereva na mama wa chai. Gobbledygook ni neno ambalo mkazi wa makao makuu ya nchi hana ruhusa ya kutolijua.

Kisa cha tatu ndicho ninachokipenda. Ultracrepidarian ni mjuaji, mtu anayetoa hukumu juu ya mambo yaliyo nje ya fani yake. Pliny, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kuhusu Apelles, mchoraji wa Ugiriki ya kale, aliyekuwa akiweka picha zake hadharani na kujificha nyuma kusikiliza watu wanasema nini. Fundi viatu akapita, akasema kiatu kwenye picha kina kasoro. Apelles akakirekebisha. Kesho yake fundi akapita tena, akaona amesikilizwa, kichwa kikavimba. Akaanza kukosoa na mguu. Apelles akatoka mafichoni akamwambia fundi viatu asihukumu zaidi ya makubazi. Ultra ni zaidi ya, crepida ni kubazi. Neno lenyewe liliandikwa mwaka 1819 na William Hazlitt akimshambulia mhakiki William Gifford, na sumu yake ilikuwa hapa: Gifford ujanani aliwekwa kujifunza ufundi viatu.

Ultracrepidarian wa Dodoma hupatikana kijiweni, kikombe cha kahawa chungu mkononi na kashata kwenye goti. Kazi yake alikuwa fundi redio, mzuri tu. Ila leo anaeleza waya za umeme za SGR zilivyokosewa kufungwa. Akimaliza hapo anapanga kikosi cha Yanga, anamtoa kipa. Akimaliza hapo anakuandikia dozi ya presha. Neno hili liandike kwenye daftari, usimtamkie. Mzee ni mzee: shikamoo yake mpe, kahawa mlipie, na kuhusu redio msikilize kweli, maana huko yumo ndani ya makubazi yake.

Hatua ya nne: mdomo

Kiswahili kimetuzoesha vibaya. Kinachoandikwa ndicho kinachosomwa, na mkazo karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakina adabu hiyo. Queue ina herufi tano na sauti ni ya ile ya kwanza tu, "kyuu", nyingine nne zimesimama kwenye foleni. Colonel inatamkwa "kenel", kwa sababu neno lilipitia Ufaransa likiwa na r na Italia likiwa na l. Waingereza wakashika maandishi ya huku na matamshi ya kule.

Utaratibu ni mmoja: bonyeza kitufe cha sauti, sikiliza mkazo uko wapi, kisha liandike neno daftarini kwa tahajia ya Kiswahili na silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa. Bo-bo-RIG-mas. PE-tri-ko. Di-fe-nes-TREI-shen. Alta-kre-pi-DEE-rian. Lile la herufi 29 lianze taratibu: flok-si-no-si-ni-hi-li-pi-li-fi-KEI-shen. Litamke ukiwa unatembea, hatua moja silabi moja. Watu wakikushangaa, wasalimie.

Hatua ya tano: jihadhari na maneno ya nyuso mbili

Haya ni mafupi, yanaonekana ya kawaida, na ndiyo yanayoumiza.

Dust kama kitenzi ni kupangusa vumbi. Pia ni kunyunyizia kitu unga au vumbi. Mwenye nyumba Dodoma akimwambia mgeni wa Ulaya adust meza, jibu sahihi ni kwamba upepo umeshaifanya maana ya pili tangu alfajiri.

Oversight ni usimamizi wa karibu. Pia ni kosa la kusahau au kupitiwa. Taarifa ikisema tatizo limetokana na oversight ya kamati, isome mara mbili.

To table ndilo la kwetu hasa, maana Bunge liko hapa na kwenye orodha ya shughuli zake kila siku zipo hati za kuwasilisha mezani. Kwa Waingereza, ambao tulirithi kwao taratibu hizo, ku-table jambo ni kulileta lijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuliweka kando lisijadiliwe. Winston Churchill alisimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa nchi hizo mbili waligombana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja, upande huu ukitaka uwe tabled na upande ule ukikataa katakata, hadi walipogundua wote walitaka jambo moja. Ukiandikiana na mfadhili kutoka Marekani, acha meza kabisa. Sema tujadili, au sema tuahirishe.

Ya kwetu yaliyovuka

Usidhani biashara hii ni ya kuagiza tu. Safari ilishakuwa Kiingereza zamani. Jenga, ule mchezo wa kupanga vijiti vya mbao, uliingizwa sokoni London mwaka 1983 na Leslie Scott, aliyezaliwa huku wakati wa Tanganyika, na jina ni kitenzi chetu kujenga kilichovuliwa ku. Chikungunya ni Kimakonde: ugonjwa ulielezwa kitabibu baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde, na neno linamtaja mtu anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Madaktari wa Brazil na India wanalitamka leo.

Na mkoa wetu umechangia. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa kitovu chake. Matrekta yalikuwa adimu baada ya vita, wakachukua vifaru aina ya Sherman, kampuni ya Vickers ikavigeuza matrekta, na jina likaungwa kwa vipande viwili: Shervick. Ni mbinu ileile iliyotupa Tanzania mwaka 1964 kutoka Tanganyika na Zanzibar. Shervick zikaingia vichakani, vichaka vikazishinda. Mvua haikuja kwa ratiba ya London, na udongo wa mfinyanzi ulikauka kiangazi ukawa mgumu hadi karanga zikakataa kung'oka. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Tangu hapo Mwingereza wa rika fulani akitaka kusema mpango mkubwa, wa gharama, usiouliza wenyeji, anasema groundnut scheme. Ukipita Kongwa, andika Shervick kwenye mstari wa kwanza na uwaulize wazee kuhusu wa nne.

Hatua ya sita: pa kuyatumia na pa kuyaficha

Barua ya maombi ya kazi: usitumie hata moja. Anayepanga mamia ya barua hana hamu ya kufungua kamusi, na akilazimika kuifungua atakukumbuka kwa ubaya.

Usaili: subiri uulizwe. Ukiombwa ueleze taarifa ndefu kwa ufupi, gobbledygook linaweza kukuletea tabasamu, mradi usiielekeze kwenye taarifa waliyoiandika wao. Majibu mengine yawe ya Kiingereza kilichonyooka.

Ofisini kwa mkubwa: nincompoop, yaani bwege, libaki kwenye daftari, na daftari libaki nyumbani.

Mtaani uko huru, na maneno ya heka heka ndiyo yanayouza. Kerfuffle, la asili ya Uskoti, linafaa ugomvi mdogo usio na damu, kama wa nani katangulia kwenye bomba. Hullabaloo ni kelele za harusi ya jirani saa nane usiku. Flabbergasted, lililoanza kuandikwa karne ya 18, ni kupigwa butwaa, kwa mfano ukiulizia kodi ya chumba Area D. Skedaddle, lililovuma wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ni kutimua mbio kila mtu na njia yake. Hilo halihitaji maelezo kwa mmachinga aliyewahi kuona gari la mgambo likikata kona: turubai linakunjwa kwa pembe nne, bidhaa zote ndani, na kufikia kupepesa jicho barabara ni nyeupe.

Kujipima, tafuteni mtu na mwenzake. Mmoja asome mstari wa nne peke yake, mwenzake alitaje neno. "Mama wa Ipagala kavuta pumzi." Petrichor. "Shati la kulalia." Herufi 29. Akikwama, apewe mstari wa vipande. Akikwama tena, anunue kahawa. Ubishi ukizuka juu ya lipi ni refu kuliko yote, kuna mtu atalileta jina kamili la kikemia la protini iitwayo titin, lenye herufi 189,819. Mkatalieni. Kamusi hazilihesabu, na kulisoma kwa sauti ni shughuli ya zaidi ya saa tatu: akilianza treni ikiondoka stesheni ya Dodoma, abiria wenzake watakuwa wanaiona Dar es Salaam bado yuko katikati ya silabi.